Foleni ya kusubirisha katika Java: mwongozo kamili kwa mfano wa mizani ya korosho

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, chama cha msingi kule Tandahimba au Newala hakina muda wa kubembeleza programu inayoganda. Wakulima wamejipanga, wapagazi wana magunia mabegani, karani wa mizani anabonyeza kitufe, na programu inatakiwa ifanye mambo matatu: iandike uzito kwenye kanzidata, itoe risiti, imtumie mkulima ujumbe wa simu. Programu nyingi za aina hii huandikwa zifanye yote matatu kwa mfululizo, kwenye uzi mmoja (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu). Mtandao ukiwa mzuri hakuna anayelalamika. Ukianza kusuasua, ujumbe mmoja unakwama nusu dakika, na nusu dakika nzima mizani imelala, gunia liko juu yake, na karani anasemwa kwa kosa lisilo lake.

Dawa ni kuzitenganisha kazi. Nyuzi za mizani zipokee tu, uzi mwingine uandike, nyingine zitume ujumbe, na katikati yao pawe na foleni. Hapa nitaijenga programu hiyo kwa Java, hatua kwa hatua. Wa Python na Go nao nimewawekea chao huko mbele. Nachukulia unajua kuandika klasi na kuanzisha uzi. Mengine tutakwenda nayo.

Inafanya nini hasa

Foleni ya kusubirisha (blocking queue) ni foleni ya kawaida yenye tabia mbili za ziada. Uzi unaokuja kuchukua ukikuta foleni tupu, unalazwa mpaka kitu kiingie. Uzi unaokuja kutia ukikuta imejaa, unalazwa mpaka nafasi ipatikane. Ndivyo linavyofanya ghala kuu msimu ukipamba moto: uwanja ukijaa geti linafungwa na malori yanasubiri barabarani, uwanja ukiwa mtupu vibarua wanakaa kivulini. Uzi uliolala hautumii prosesa. Unaamshwa na foleni yenyewe.

Kuna wanaojaribu kuifanya kazi hii kwa `ArrayList` na kitanzi cha `while` kinachouliza kila mara "kuna kitu? kuna kitu?". Kitanzi hicho kinachemsha laptopu bure. Kibaya zaidi, nyuzi mbili zikiigusa `ArrayList` kwa wakati mmoja rekodi zinapotea bila kosa lolote kuonekana kwenye skrini. Unagundua jioni, hesabu ya daftari na ya mashine zinapokataa kukutana.

Java ina kiolesura cha `BlockingQueue` tangu toleo la 5, mwaka 2004, ndani ya `java.util.concurrent`, kazi iliyoongozwa na mtaalamu wa kompyuta Doug Lea. Kabla ya hapo watu walijiandikia wenyewe kwa `wait` na `notify`, na ukitaka kujua kwa nini sikushauri njia hiyo, jaribu kuiandika bila kusahau kwamba uzi unaweza kuamka bila kuamshwa na mtu.

Hatua ya kwanza: rekodi isiyobadilika

```java
record Pimo(String risiti, String mkulima, long gramu, int daraja) {}
```

Uzito wa kitu kinacholipiwa usiuweke kwenye `double`. Weka gramu kwa namba kamili. Kwenye `double`, 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili, na siku ya malipo hakuna mkulima atakayekusikiliza ukimweleza habari hizo. Daraja ni la kwanza au la pili, kama korosho zinavyopangwa pale chamani.

Nimetumia `record`, klasi fupi ya kubeba data, kwa makusudi. Java inakuhakikishia kwamba kila kilichofanywa na uzi kabla ya kutia kitu kwenye foleni kitaonekana na uzi utakaokichukua. Huhitaji `volatile` wala kufuli la pembeni. Lakini uhakika huo unaishia pale ulipotia. Ukishatia kisha ukarudi kubadilisha uzito kwenye kitu kilekile, umerudi kwenye bahati nasibu. `record` inakunyima nafasi ya kufanya hivyo, maana sehemu zake hazibadiliki.

Hatua ya pili: chagua foleni, uipe ukomo

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, kwa sababu kosa la hapa halionekani siku ya majaribio.

`ArrayBlockingQueue` inakulazimisha utaje ukomo tangu mwanzo. `LinkedBlockingQueue` inakuruhusu usitaje, na usipotaja inachukua 2,147,483,647, yaani kwa maisha ya kawaida haina ukomo. Foleni ya namna hiyo haimlazi kamwe anayetia. Upande wa kuchukua ukizidiwa, rekodi zinarundikana kimyakimya mpaka kumbukumbu ya kompyuta inaisha na programu nzima inaanguka na vyote vilivyomo. `Executors.newFixedThreadPool` nayo ndani yake imeficha `LinkedBlockingQueue` isiyo na ukomo, kwa hiyo anayeitumia bila kujua ana tatizo hilihili. `PriorityBlockingQueue` na `DelayQueue` pia hazina ukomo. `SynchronousQueue` iko upande wa pili kabisa: haina nafasi hata moja, anayetia anasubiri mpaka mchukuaji aje apokee mkononi.

Kwa mizani chukua `ArrayBlockingQueue`. Swali linabaki ukomo uwe ngapi, na jibu halitokani na ukubwa wa kumbukumbu. Tuseme gunia linapimwa kila sekunde 20, na una mizani 3. Hizo ni rekodi 9 kwa dakika. Foleni ya 64 ina maana umekubali kukaa na magunia ya dakika 7 ambayo bado hayajaandikwa popote. Foleni inaishi kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika imekwenda. Kwa hiyo jiulize: niko tayari kupoteza mangapi? Mimi ningeweka 16, ambayo haifiki dakika mbili. Kuandika kwenye diski ni kazi ya chini ya sekunde moja, kwa hiyo foleni ikijaa 16 ujue kuna jambo, na ni afadhali karani ajue mapema.

Kwa upande wa ujumbe wa simu hesabu ni nyingine. Rekodi imeshaandikwa diskini, hakuna kinachopotea. Mtandao ukikatika saa nzima ni ujumbe 540. Weka 500 na usonge mbele.

```java
BlockingQueue<Pimo> zaKuandika = new ArrayBlockingQueue<>(16, true);
BlockingQueue<Pimo> zaKutuma   = new ArrayBlockingQueue<>(500);
```

Hiyo `true` inaagiza haki: nyuzi zikisubiri nafasi, aliyetangulia kusubiri ahudumiwe kwanza. Haki hiyo inapunguza kasi kidogo, ndiyo maana si chaguo-msingi, lakini kwa mizani 3 zinazoendeshwa na mikono ya watu hutaiona tofauti.

Hatua ya tatu: amua foleni ikijaa iweje

Ukiisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. `BlockingQueue` inakupa njia nne za kutia, na tofauti yao ni jinsi zinavyofanya foleni ikijaa. `add` inarusha kosa. `offer` inarudisha `false` papo hapo. `put` inasubiri hata milele. `offer` yenye muda inasubiri kiasi ulichotaja, kisha inakata tamaa. Upande wa kuchukua, `poll` inarudisha `null` foleni ikiwa tupu, `poll` yenye muda inasubiri kidogo, `take` inasubiri mpaka kipatikane. (Kwa sababu `null` tayari ina maana ya "hakuna", foleni hizi hazipokei `null`, ukiitia unapata `NullPointerException`.)

Ukichagua njia ya kutia umefanya uamuzi wa kazi, na uamuzi huo aufanye mtu anayeijua kazi. Kwenye mizani, rekodi haiwezi kutupwa, kwa hiyo lazima tusubiri, lakini tusisubiri kimya:

```java
void pokea(Pimo p) throws InterruptedException {
    if (!zaKuandika.offer(p, 2, TimeUnit.SECONDS)) {
        skrini.onya("Subiri kidogo, usipandishe gunia lingine");
        zaKuandika.put(p);
        skrini.futaOnyo();
    }
}
```

Usiiite `pokea` kutoka kwenye uzi unaochora skrini. Uzi huo ukilala, dirisha zima linaganda na hata lile onyo halitaonekana. Kila mizani iwe na uzi wake.

Kwa ujumbe wa simu uamuzi ni kinyume chake. Ujumbe ukichelewa si hasara, rekodi ipo. Hapo tunatumia `offer` tupu, na ikirudisha `false` tunaendelea na mengine.

Hatua ya nne: mwandishi

Kanzidata yetu ni SQLite, inayokaa kwenye faili moja diskini, na inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati. Nyuzi 3 zikigombania kuandika utaanza kupata makosa ya kanzidata kufungwa. Ukiwa na uzi mmoja wa kuandika ugomvi huo haupo, na unapata faida nyingine: unaweza kuandika rekodi kadhaa kwa muamala mmoja (transaction, yaani zinaandikwa zote kwa pamoja au haiandikwi hata moja). Kinachokula muda ni kusubiri diski ithibitishe kila muamala, kwa hiyo rekodi 10 kwa muamala mmoja ni nafuu sana kuliko miamala 10.

```java
static final Pimo MWISHO = new Pimo("", "", 0, 0);

void andikaDaima() throws InterruptedException {
    List<Pimo> fungu = new ArrayList<>();
    boolean endelea = true;
    while (endelea) {
        fungu.add(zaKuandika.take());
        zaKuandika.drainTo(fungu, 15);
        endelea = !fungu.remove(MWISHO);
        hifadhiMpakaIkubali(fungu);
        for (Pimo p : fungu) {
            printa.toaRisiti(p);
            zaKutuma.offer(p);
        }
        fungu.clear();
    }
}
```

Angalia ndoa ya `take` na `drainTo`. `take` inasubiri rekodi ya kwanza. `drainTo` inakomba zilizopo nyuma yake bila kusubiri. `MWISHO` ni alama ya kumwambia mwandishi afunge kazi, tutaifikia hatua ya sita. Asubuhi kukiwa na utulivu fungu lina rekodi moja, na pilikapilika zikianza lenyewe linakua.

Risiti inatoka baada ya diski kukubali, si kabla. Umeme ukikatika katikati, mkulima asiye na risiti anajua amuulize karani: rekodi ikiwepo risiti ichapwe upya, isipokuwepo gunia lirudiwe kupimwa. Ukiitoa mapema, ana karatasi yenye namba ambayo mashine haiijui, na hapo ugomvi utafika mpaka kwa mwenyekiti wa chama. Karatasi ya printa ikiisha mwandishi atasimama, foleni itajaa, onyo litawaka. Wengine watataka printa iwe na foleni yake. Mimi naona kusimama ni sawa, gunia lisipokelewe bila risiti.

Sasa kuhifadhi:

```java
void hifadhiMpakaIkubali(List<Pimo> fungu) throws InterruptedException {
    while (!fungu.isEmpty()) {
        try {
            hifadhi.andikaYote(fungu);
            return;
        } catch (SQLException e) {
            logi.warning("Haijaandikwa: " + e.getMessage());
            Thread.sleep(500);
        }
    }
}
```

Kwa nini kurudia hivi? Kwa sababu ajali inayoua programu za foleni kuliko zote ni mchukuaji kufa kimya. Kosa moja lisilodakwa ndani ya `andikaDaima` linauzima uzi ule. Programu haifungi, dirisha lipo, vitufe vipo. Rekodi 16 zinaingia vizuri, ya 17 inaning'inia, na kuanzia hapo nyuzi zote za mizani zimelala zikimsubiri marehemu. Kwa hiyo chochote kinachoweza kurusha kosa ndani ya kitanzi cha mchukuaji, printa ikiwemo, kidakwe humohumo. Angalizo: rekodi yenye kasoro ya kudumu, kama namba ya risiti iliyojirudia, itazunguka kwenye kitanzi hiki bila mwisho. Baada ya majaribio kadhaa andika fungu rekodi mojamoja, na ile inayokataa iweke jedwali la pembeni ikasubiri mtu.

Hatua ya tano: watumaji, na mzunguko wa hatari

```java
void tumaDaima() {
    try {
        while (true) {
            Pimo p = zaKutuma.take();
            try {
                simu.tuma(p);
            } catch (IOException e) {
                logi.info("Haijatumwa: " + p.risiti());
            }
        }
    } catch (InterruptedException e) {
        Thread.currentThread().interrupt();
    }
}
```

Anzisha nyuzi 4 za namna hii. Kazi yao kubwa ni kusubiri mtandao, kwa hiyo kama una Java 21 nyuzi pepe (virtual threads) zinafaa kabisa. Mstari wa `Thread.currentThread().interrupt()` usiuache. `InterruptedException` ni ombi la kusimama, na Java ikishakurushia kosa hilo inaifuta alama ya ombi. Ukiliacha kosa lipite kwenye `catch` tupu, anayetaka kuufunga uzi ataomba bila kusikilizwa.

Ujumbe ukishindwa, kishawishi ni kuurudisha `zaKutuma` kwa `put` ili ujaribiwe tena. Usifanye. Mtandao ukikatika na foleni ikajaa, watumaji wote 4 wataukuta mlango umefungwa, na wao ndio pekee wenye uwezo wa kuufungua. Kila mmoja analala akisubiri nafasi ambayo hakuna atakayeitoa. Acha rekodi ibaki kwenye kanzidata ikiwa na alama ya "haijatumwa", kisha weka uzi mdogo wa kufagia unaopita kila dakika 5: `zaKutuma` ikiwa tupu, usome ambazo hazijatumwa na uzitie kwa `offer`. Mara mojamoja mkulima atapata ujumbe uleule mara mbili. Hilo halimdhuru mtu.

Mzunguko huohuo unaweza kuzaliwa kati ya foleni mbili, na huo ni mgumu zaidi kuuona. Ujumbe ukishatumwa, alama ya "umetumwa" nayo inahitaji kuandikwa, na mwandishi ni mmoja, kwa hiyo taarifa inarudi kupitia `zaKuandika` (itabidi foleni ibebe aina pana kuliko `Pimo`, `sealed interface` inafaa). Sasa mwandishi anatia kwa watumaji, na watumaji wanatia kwa mwandishi. Pande zote mbili zikitumia `put`, siku foleni zote mbili zitakapojaa kwa pamoja kila mtu atalala. Programu yetu iko salama kwa sababu mwandishi anatumia `offer` na hamsubiri mtumaji kamwe. Mchoro wako ukiwa na mishale inayozunguka, lazima mshale mmoja uwe wa asiyesubiri.

Hatua ya sita: kufunga jioni

Funga kwa mpangilio. Kwanza nyuzi za mizani, ili hakuna kipya kinachoingia. Kisha tia `MWISHO` kwenye `zaKuandika` na umsubiri mwandishi amalize kwa `join`. Yeye atamaliza kila kilichotangulia, akikuta alama atoke. Ukimkatiza kwa `interrupt` badala yake, fungu lililo mkononi linaweza kupotea. Watumaji hawahitaji adabu hiyo: kazi yao ipo diskini, wakatize tu na kesho uzi wa kufagia utaziokota. Siku ukiwa na waandishi zaidi ya mmoja, kila mmoja anahitaji `MWISHO` yake, maana anayeichukua anaondoka nayo.

Kwa wa Python na Go

Python ina `queue.Queue(maxsize=16)`. Usipotaja `maxsize` inakuwa 0, na 0 pale maana yake haina ukomo, mtego uleule wa `LinkedBlockingQueue`. Toleo la 3.13 limeongeza `shutdown()`, hivyo alama ya mwisho si lazima tena. `asyncio.Queue` ni kitu kingine, haifai kugawana kati ya nyuzi. Go imeelekea upande wa pili: `make(chan Pimo)` haina nafasi hata moja, ukitaka 16 unaandika `make(chan Pimo, 16)`, na `offer` yake ni `select` yenye `default`.

Kuchunguza na kujaribu

Andika kwenye logi `size()` ya kila foleni kila baada ya sekunde 30. Itumie kutazama tu. Msimbo unaosema "kama `size()` ni chini ya 16 basi tia" hauna maana, kwa sababu kati ya kuuliza na kutia uzi mwingine umeshapita. Foleni ikiwa imejaa muda wote, mchukuaji ni mzito, na kuongeza ukomo kutachelewesha tu siku ya kukwama. Foleni iliyo tupu muda mwingi ni afya njema.

Programu ikiganda, usikimbilie kuizima. Endesha `jstack`, chombo cha Java kinachoorodhesha nyuzi zote na kila mmoja unafanya nini, na namba ya mchakato, utafute nyuzi zilizo `WAITING (parking)`. Ukikuta nyuzi za mizani zimelala ndani ya `ArrayBlockingQueue.put`, achana nazo, hazina kosa. Mtafute mwandishi. Kama hayumo kwenye orodha, amekufa, na sababu iko kwenye logi. Kama yumo, mstari wa juu wa uzi wake unakuonyesha anachosubiri.

Kabla ya kuipeleka chamani, punguza ukomo wa foleni zote mbili uwe 1, mwekee mwandishi usingizi wa sekunde moja kila fungu, kisha ingiza rekodi 1000 za bandia kutoka nyuzi 3. Ukomo wa 1 unaleta juu hitilafu ambazo kwa 16 zingejificha hadi katikati ya msimu. Hesabu zilizomo kwenye kanzidata. Rudia ukiwa umezima data ya simu. Mara ya tatu, wakati rekodi zinaingia, uue mchakato kwa `kill -9` (amri ya Linux inayoua papo hapo bila kuaga), uwashe upya, na ulinganishe risiti zilizotoka na rekodi zilizopo: kila risiti lazima iwe na rekodi yake. Rekodi isiyo na risiti inawezekana kama mchakato uliuawa kati ya kuhifadhi na kuchapa, kwa hiyo mpe karani kitufe cha kurudia risiti. Risiti isiyo na rekodi ikitokea hata moja, rudi hatua ya nne, kuna mahali umechapa kabla ya diski kukubali.